Kavetsa, Msafishaji wa Viota

Kabla ya kushika viota, Kavetsa alishika ufagio. Alifagia na kupiga deki katika nyumba moja ya urembo kule Lavington, ambako wanawake wenye magari walikuja kulazwa chali kwenye vitanda vyembamba na kupakwa vitu usoni. Kazi hiyo aliipata kupitia mwanamke waliyekuwa wakiimba naye kwaya, wala hakutarajia makubwa. Alikuwa na miaka thelathini na minane, ana binti mmoja wa sekondari aitwaye Hope, na amepanga chumba Kianda, upande ule wa Kibera unaopakana na Olympic. Jumamosi alifua nguo za watu Olympic. Mume alikuwa ameondoka zamani na Kavetsa hakupenda kumzungumzia, kwa hiyo na sisi tumwache huko aliko.

Kilichomtoa kwenye ufagio ni maharagwe. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kupika chakula cha mchana cha wafanyakazi, naye alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha nyuma, sinia mapajani, akichagua. Mwenye nyumba ile, mwanamke wa Malaysia ambaye kila mtu alimwita Madam Soo, alipita na kikombe chake cha chai, akasimama. Aliona vidole vya Kavetsa vikitembea juu ya sinia: jiwe, ganda, punje iliyotobolewa na wadudu, vyote vikitupwa pembeni bila mwenyewe kutazama, maana wakati huohuo alikuwa akibishana na soja wa getini kuhusu mpira. Madam Soo alikunywa chai mpaka ikaisha. Kesho yake alimwita ndani, akampa kibano chembamba cha chuma, akamwekea mbele bakuli jeupe lenye maji.

"Toa manyoya," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini kilifika. "Pole pole. Usikate."

Ndani ya bakuli mlikuwa na kitu kama tambi zilizochemka, nyeupe, zinazopitisha mwanga, na katikati ya nyuzi zile vilinasa vinyoya vyeusi, vingine vidogo kuliko kope. Kavetsa aliinama. Akasikia harufu ya ute wa yai.

"Hii ni nini, Madam?"

"Kiota. Nyumba ya ndege."

"Ndege gani anajenga na tambi?"

Madam Soo aligusa mdomo wake. "Mate yake. Anatema, anatema, inakauka. Kwetu tunakula. Hapa tunapaka uso."

Kavetsa alikiri baadaye kwamba mchana ule hakula maharagwe yake. Lakini alirudi kwenye bakuli, na kufikia jioni alikuwa amesafisha viota viwili bila kukata uzi hata mmoja, kazi ambayo msichana aliyemtangulia aliimaliza kwa siku mbili huku macho yakimtoka machozi.

Basi akahamia mezani. Viota vilikuja kwenye sanduku, vikavu, kila kimoja kama kikombe kilichopasuliwa katikati, na vyepesi kiasi kwamba ukikohoa karibu vinahama. Kaka yake Madam ndiye aliyevituma. Huko kwao, Madam alimweleza, watu huwajengea ndege hao majumba marefu ya saruji yasiyo na madirisha, yenye vitundu tu vya kuingilia, na hufunga spika zinazotoa milio ya ndege kutwa nzima ili wanaopita angani wadhani ndani kuna wenzao. Ndege wenyewe ni wadogo, weusi weusi, wanaofanana na mbayuwayu wetu. Kiota huachwa mpaka makinda yawe yamesharuka. Kavetsa aliipenda sana habari ya yale majumba. Aliisimulia Kianda nzima: kwamba iko nchi ambako ndege anapewa ghorofa ya bure, na bado anabembelezwa kwa muziki aingie, wakati yeye Kavetsa anaishi chini ya mabati yanayovuja.

Kila asubuhi alinawa mikono mpaka viwikoni, akafunga kichwa kitambaa, akaketi chini ya taa nyeupe. Kiota cha leo kililowekwa jana. Alitenganisha nyuzi kwa ncha ya kibano, akachomoa unyoya, akaupangusa kwenye kitambaa kibichi, akarudi. Vilivyokuwa safi vilikwenda jikoni kwa Madam, ambaye alivipika ndani ya chungu kilichowekwa ndani ya sufuria, akavichuja, akachanganya yale maji mazito na dawa zake nyingine za uso. Vipimo hivyo hakumwonyesha mtu. Sheria moja tu aliiweka wazi kwa kila mfanyakazi: hakuna uso unaopakwa kabla tone halijawekwa kwenye mkono wa mteja, upande wa ndani, na likangojwa mpaka kesho.

"Kuna mtu anakula hii toka mtoto, hana shida," alisema. "Kuna mtu ikimgusa tu, anavimba. Huwezi kujua kwa kuangalia."

Ilipita miezi mitano hivi, mikono ya Kavetsa ikaanza kusemwa.

Aliyeanza ni Bakhita. Huyu alikuwa mwenye nyumba wake, Mnubi aliyezaliwa Makina, sehemu nyingine ya Kibera, na kuachiwa na babake vile vyumba vya Kianda. Alikuwa amekuja kutazama paa. Walipokuwa wakiagana mlangoni, aliushika mkono wa Kavetsa, akaugeuza juu chini.

"Mama Hope, huu mkono ni wako?"

"Ni wangu, Mama Nasir. Utakuwa wa nani?"

"Mwaka jana ulikuwa kama brashi ya kusugua sakafu. Umepaka nini?"

Kavetsa alijua vizuri alichofanya. Tangu ahamie mezani alikuwa ameacha kufua nguo za watu, na mtu akiacha kutia mikono kwenye sabuni kali na dawa ya madoa kila wiki, ngozi hurudi yenyewe. Lakini jibu hilo lilikuwa halina ladha.

"Ni kile kiota," akasema, akacheka.

Bakhita hakucheka. Aliondoka na neno lile mpaka Makina, na huko likawafikia binti zake, mashangazi zao na majirani zao.

Likafika pia Kawangware, kwa Shivachi. Huyu alikuwa binamu yake Kavetsa, mtoto wa mjomba, kijana mchangamfu mwenye kibanda cha vipodozi karibu na steji ya matatu za 46. Aliuza wigi, mafuta ya nywele, rangi za kucha, sabuni za karoti. Jumapili moja Kavetsa alipopita kumsalimia, hakumpa hata nafasi ya kuketi.

"Sista, niaje. Nasikia uko na maneno."

"Maneno gani?"

"Ile kitu ya ndege. Watu wanakuja hapa kuniuliza kama niko nayo. Mimi nawaambia nini?"

"Waambie haiko. Hiyo inatoka ng'ambo kwa sanduku."

"Na ile yenye inabaki?"

Kilibaki kitu, ni kweli. Kila siku kulikuwa na makombo: vipande vilivyojaa manyoya mno, vumbi la sandukuni, masalio ya kwenye chujio. Madam aliagiza yamwagwe chini ya maua ya uani. Kavetsa alifikiri wiki nzima. Takataka ni takataka, alijiambia, na maua hayawezi kulalamika. Alijaza kikopo kidogo, akakifunga kwa leso, akakipeleka Kawangware.

Shivachi alisaga makombo yale, akayakoroga katika mafuta ya mgando, akatia marashi ya waridi, akapanga vikopo vidogo mbele ya kibanda. Juu ya kila kikopo alibandika picha ya ndege na maandishi: KIOTA ASILI, KIMESAFISHWA NA MTAALAMU WA LAVINGTON. Kavetsa alipoyasoma mara ya kwanza aliona aibu, na chini ya ile aibu, kidogo tu, akaona raha. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mtaalamu.

Alipeleka makombo mara tatu. Mara ya nne hakuweza. Madam Soo alikuwa amemwita mbele ya wenzake wote, akamkabidhi ufunguo wa kabati la viota, akasema, "Kavetsa hakati uzi. Kavetsa mkweli." Ule ufunguo ulimlemea mfukoni siku nzima. Jioni akampigia simu Shivachi.

"Sileti tena. Usiniulize kwa nini."

"Poa, sista. Usijali. Nitajipanga."

Hapo ndipo alipokosea zaidi kuliko kwenye makombo, na yeye mwenyewe husema hivyo. Kwa sababu miezi miwili baadaye alipita Kawangware akakuta vikopo vimejaa kibandani, vingi kuliko mwanzo, na yule ndege wa kwenye karatasi sasa amepakwa rangi ya dhahabu. Makombo ya mara tatu hayawezi kuzaa vikopo vyote vile. Aliviona, akaelewa kwamba kuna jambo, akanunua mafuta ya nywele, akaenda zake.

Jumatano moja, saa sita mchana, simu yake ikalia. Ilikuwa Bakhita.

"Mama Hope, kuja Makina. Leo. Usipitie nyumbani."

Aliomba ruhusa, akatembea kwa haraka mpaka akatoka jasho. Pale Makina alikuta mlango wa Bakhita umefungwa mchana, jambo lisilo la kawaida, kwa sababu nyumba ile ilikuwa kwenye maandalizi. Sumaya, kitinda mimba wa Bakhita, alikuwa amebakiza siku kumi na mbili aolewe. Kavetsa aliingia, akamkuta bibi harusi ameketi pembeni ya kitanda, leso imefunika uso.

"Mwonyeshe," Bakhita alisema.

Sumaya akashusha leso. Macho yalikuwa yamevimba yakabaki nyufa mbili. Mashavu yamewiva, na kwenye paji la uso na kidevuni vipele vyenye vichwa vyeupe vimesongamana. Nasir, kaka yake mkubwa, alisimama dirishani amekunja mikono, na kwenye kiti palikuwa na kikopo chenye ndege wa dhahabu.

"Nimepaka siku nne tu," Sumaya alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye mafua. "Niliona ni ya kwenu. Si imeandikwa? Mama akasema kama ni ya Mama Hope, haina shida."

Kavetsa alikichukua kikopo. Akakifungua, akakinusa. Chini ya waridi kulikuwa na harufu nyingine, ya banda la kuku.

"Hii mimi sijui ina nini," alisema.

"Hujui?" Nasir aligeuka. "Jina lako liko hapa na hujui?"

Angeweza kusema kwamba jina lake halikuandikwa popote, kwamba ni Lavington tu iliyoandikwa. Sentensi hiyo ilimjia mpaka kwenye ulimi. Badala yake alimtazama Bakhita.

"Mama Nasir, mimi ndiye nilianzisha. Nilimpa binamu yangu makombo ya kazini, bila ruhusa. Halafu nikaacha, na nikaona anaendelea kuuza, na sikumuuliza anatoa wapi. Hata ile ya mikono yangu niliwadanganya. Niliacha tu kufua."

Bakhita hakupaza sauti. Aliikunja na kuikunjua ncha ya mtandio wake.

"Umekunywa chai kwa hii nyumba miaka mingapi?"

"Tisa."

"Tisa," Bakhita alirudia. Kisha akasimama, akamtafutia Sumaya viatu. "Tunaenda kliniki. Na wewe unakuja."

Daktari wa kliniki alikuwa kijana mpole mwenye haraka. Alimtazama Sumaya, akamsikiliza kifua, akasema uvimbe ni wa aleji, na vile vipele ni uchafu ulioingia kwenye ngozi iliyokwisha kuchokozeka. Alimdunga sindano, akaandika dawa. Kisha akainua kikopo.

"Ndani kuna nini? Nikijua, nitajua pia kama dawa hii inatosha."

Wote wakamgeukia Kavetsa.

"Nitakuletea jibu leo," alisema.

Alipanda boda boda mpaka Kawangware. Shivachi alikuwa akimchania mteja wigi, akamchekea kwa mbali.

"Sista! Leo si Jumapili."

"Nionyeshe unatengenezea wapi."

"Si ungoje kwanza nimalize..."

"Shivachi, nionyeshe."

Nyuma ya kibanda alikuwa amekodi chumba kidogo. Ndani mlikuwa na jiko la mafuta ya taa, kinu, soksi ndefu ya kike aliyoifanya chujio, na gunia lililofungwa kamba. Kavetsa alilifungua. Viota vilikuwa vimejaa mpaka juu: vya majani makavu, vya matope, vya manyoya na uchafu wa mtaani uliogandishwa pamoja, vyenye vinyesi vyeupe ukingoni. Kimoja bado kilikuwa na ganda la yai. Alipokigeuza, wadudu wadogo kama chembe za pilipili manga walipanda juu ya kidole chake.

"Umetoa wapi?"

"Chini ya daraja, pale barabara kubwa. Kuna jamaa hunipandia na ngazi. Ni mbayuwayu, sista. Si wewe ndio ulisema ndege yenu inafanana na mbayuwayu?"

"Inafanana! Sikusema ni hiyo. Hii ni matope, Shivachi. Hii ni kinyesi."

"Nimechemsha bana. Nimechemsha mpaka jiko likaisha mafuta." Alikuwa amekereka sasa. "Na hata yenu ni mate. Wewe mwenyewe uliniambia ni mate. Kwani mate ya Malaysia ni tofauti na mate ya Nairobi?"

Kavetsa alitoa simu, akampigia daktari na kumtajia kila alichokiona mle ndani, hata wadudu. Daktari akasema atabadilisha dawa moja. Alipokata simu, Kavetsa alifungua picha aliyompiga Sumaya pale kliniki, kwa ruhusa yake, akaishikilia mbele ya Shivachi.

Shivachi aliitazama. Kisha akatafuta kreti ya soda, akaikalia.

"Huyu ni nani?"

"Ni binti ya mwenye nyumba wangu. Anaolewa baada ya siku kumi na mbili."

"Woi," alisema taratibu. "Woi, mimi nilidhani ni kitu moja." Na Kavetsa, aliyemjua tangu akiwa mtoto wa kuchezea udongo kule Vihiga, aliona kwamba anasema kweli. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyetaka jambo liwe rahisi, na likawa.

"Umeuzia nani?"

"Watu wengi."

"Unawakumbuka?"

"Wateja wangu? Nawajua wote."

Siku mbili zilizofuata, Kavetsa akiwa ameomba ruhusa kazini, walizunguka pamoja. Walianza na saluni za Kawangware, wakapita kwa wauza mboga, kwa mwalimu mmoja wa nasari, kwa mama wa mchungaji. Mlangoni Shivachi alitangulia kusema, kwa maana Kavetsa alimlazimisha, na kila mara maneno yalimkwama palepale, kwenye neno "daraja". Wengine walirudisha kikopo. Mmoja aliwamwagia maji ya vyombo. Wawili walikuwa na vipele, nao wakapelekwa kwa daktari yuleyule.

Aliyewasumbua zaidi ni Akeyo, mkaanga samaki wa kitongoji cha Raila, humo humo Kibera, ambaye aliagiza vikopo viwili kupitia dadake. Aliwasikiliza huku akigeuza ngege kwenye karai, akatikisa kichwa.

"Hapana. Mimi sirudishi. Nimekuwa na madoa hapa tangu nizae, na sasa yameisha. Angalia."

"Mama, kuna uchafu ndani," Shivachi alisema.

"Uchafu gani?"

"Wa... wa ndege. Ni kinyesi."

Akeyo aliweka mwiko chini. Alivitoa vikopo kwenye mkoba, akakifungua kimoja, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akavikabidhi vyote viwili. Walipokuwa wamefika mbali kidogo aliwaita.

"Na hamna nyingine ya kufanana na hiyo?"

Ilikuwa mara ya kwanza Kavetsa kucheka tangu Jumatano.

Jumamosi alikwenda Lavington mapema kabla wengine hawajafika. Madam Soo alikuwa jikoni. Kavetsa alisimama mlangoni, akaeleza yote kwa mpangilio, kuanzia makombo mpaka wadudu, bila kuacha kitu. Madam alizima moto.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Makombo tu?"

"Makombo tu, Madam."

"Msichana, ni mzima?"

"Anaendelea vizuri. Uvimbe umeshuka."

Madam Soo akanyoosha kiganja. Kavetsa akatoa ufunguo, akauweka pale.

"Nenda nyumbani," Madam alisema. "Nitapiga simu. Au sitapiga."

Wiki tatu simu haikulia. Kavetsa alirudi Olympic kufua. Hope alimsaidia kubeba ndoo, na siku moja, wakianika, alimwuliza kwa nini hakunyamaza tu, kwani Madam asingejua kamwe. Kavetsa alitafuta jibu la kumpa mtoto. "Nilichoka kuogopa simu ikilia," alisema, na ndivyo ilivyokuwa.

Harusi ya Sumaya ilifanyika kwa siku yake. Uvimbe ulikwisha kabisa, vipele vikabakiza madoa mepesi, na daktari alikataza asipakwe rangi yoyote usoni. Wanawake wa Makina walimchora hina mikono na miguu, wakamfukiza, wakamvika dhahabu, uso wakauacha kama ulivyo. Siku tatu kabla, Bakhita alikuwa amemtuma mtu Kianda na ujumbe: "Mwambie Mama Hope aje kuosha masufuria. Mkekani hatakaa."

Kavetsa alikwenda. Aliosha masufuria makubwa kama mapipa, akasugua masizi kwa majivu, asubuhi mpaka jioni, siku zote tatu. Watu waliomjua walimpita bila kumsalimu, na wengine walimsalimu kwa sauti ya chini. Siku ya mwisho, wageni walipokwisha kula, Bakhita alitoka uani na sinia ya pilau. Akaiweka juu ya sufuria lililogeuzwa, akavuta kigoda, akaketi ng'ambo ya sinia.

"Kula," alisema. "Inapoa."

Walikula kutoka sinia moja. Habari ya kikopo haikutajwa. Bakhita alilalamikia wapishi kwamba wametia iliki nyingi, na Kavetsa akakubali kwamba ni kweli, ilikuwa nyingi.

Wiki ya nne tangu arudishe ufunguo, Madam Soo alipiga simu. Wasichana wawili wapya walikuwa wamekata nyuzi za sanduku zima. "Rudi," alisema. "Ufunguo, hapana. Na makombo, watu wawili wanamwaga pamoja, kila siku." Kavetsa alikubali yote. Alirudi mezani, na mmoja wa wale wasichana, Ndunge, akawa mwanafunzi wake. Kwanza alimpa sinia ya dengu achague, wiki nzima, kabla ya kumruhusu kugusa kibano.

Sumaya alijitokeza Lavington baada ya mwaka wa kwanza wa ndoa yake, bila miadi, akiwa na buibui jeusi na viatu vya raba. Kavetsa alimwona kupitia dirisha akizungumza na soja.

"Nataka kuiona hiyo yenyewe," alisema alipoingizwa. "Ile ya ukweli. Nimeota juu ya hiyo kitu sana."

Kavetsa alimwonyesha bakuli, nyuzi, manyoya. Sumaya aliinama, akashangaa jinsi inavyong'aa. Kisha akakunja mkono wa buibui.

"Nijaribu."

"Sumaya, wewe ulivimba macho yakafungika."

"Ilikuwa ni uchafu. Hii ni safi. Nataka tu kujua."

Walimwita Madam Soo. Naye alimwuliza maswali mengi, akakaa akifikiri, mwishowe akatia tone dogo sana kwenye mkono wa Sumaya, upande wa ndani, akavuta kiti, akaketi karibu naye, dawa ya aleji ikiwa mezani. Haikuhitaji kungoja kesho. Nusu saa haijaisha, pale penye tone pakawa na duara jekundu, limeinuka kama mahali palipoumwa na mbu. Madam alipaosha haraka, akampa kidonge.

Sumaya aliutazama mkono wake, kisha akamtazama Kavetsa.

"Kumbe hata hii ingenikataa."

"Hata hii," Kavetsa alisema. Yeye pia alikuwa amepigwa na butwaa. Mwaka mzima alikuwa amewalaumu mbayuwayu wa daraja kwa yote, na sasa haijulikani uvimbe ule ulitoka wapi: kwenye yale matope, au kwenye vumbi la makombo aliyoyaleta yeye kwa leso, kama bado yalikuwemo.

Sumaya alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama akisikia atasema mimi na ndege tuna vita." Walimpa chai, wakamkalisha mpaka duara likafifia, na Kavetsa akamsindikiza getini.

Aliporudi ndani alimkuta Madam bado ameketi palepale. Aliuliza swali ambalo hakuwahi kuthubutu kuuliza kwa muda wote huo.

"Madam, hii kitu inafanya kazi kweli? Kwa wale inaowakubali?"

Madam Soo alifikiri. "Mama yangu alikula maisha yake yote. Ngozi nzuri mpaka kufa. Pia hakukaa juani, hakufua nguo, alilala mapema." Akainua mabega. "Ngozi inapata maji, inakuwa laini. Hiyo naona. Mengine, watu wanapenda kuamini."

Jumapili Kavetsa alipita Kawangware. Shivachi alikuwa ameacha krimu kabisa, sasa alibaki na wigi na mafuta ya viwandani. Kavetsa alimweleza habari ya tone, kwa sababu aliona ni haki yake kujua.

Shivachi aliruka kutoka kitini. "Si unaona! Hata ile yenu ya Lavington! Na mimi nikabeba lawama peke yangu!"

"Ya kwetu tulimtilia mkononi, tone moja, tukakaa naye," Kavetsa alisema. "Wewe na mimi tulimwachia uso mzima."

Shivachi alirudi kwenye wigi aliyokuwa akiichana. Baada ya muda alichukua chupa ya mafuta ya nywele, akaifunga kwenye gazeti kwa ajili ya Hope, akakataa kulipwa. Kavetsa aliitia kwenye mkoba, akashika njia ya Kianda kabla mvua haijaanza.